Historia ya Dhana za Spini na Umkono katika Mirija Nano ya Kaboni: Mtazamo wa Kiistilahi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya dhana mbili za sayansi, yaani spini ya elektroni na umkono wa maumbo, tangu zilipoibuka kila moja kwa njia yake hadi zilipokutana ndani ya mirija nano ya kaboni. Yanadai kwamba jina la dhana ya kwanza limeendelea kuishi baada ya kuiacha picha iliyolizaa, ilhali jina la dhana ya pili limebebeshwa maana mbili zinazogongana. Mwanaistilahi wa Kiswahili anayetafsiri majina hayo bila kuijua historia yake anaweza kuyarudisha makosa ambayo wanafizikia waliyatupa takriban karne moja iliyopita. Kwa msingi huo, makala yanapendekeza namna ya kuyashughulikia majina hayo, kila moja kwa mujibu wa historia yake.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, Alam na Pramanik, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu mirija nano ya kaboni. Mirija hiyo ilikuwa imezungushiwa uzi mmojammoja wa DNA, kama mzabibu unavyojisokota kwenye mti. Mkondo wa umeme ulipopitishwa humo, elektroni zenye spini ya mwelekeo mmoja zilipita kwa urahisi zaidi kuliko zenye spini ya mwelekeo wa pili. Mrija uliofungwa uzi wa kibiolojia ukawa kichujio cha spini.

Kulieleza jaribio hilo kwa Kiswahili kunamkwamisha mwanaistilahi mara mbili. Kwanza, hiyo spini ni nini? Aliyezoea vitabu vya shule atashawishika kusema "mzunguko". Lakini Kiswahili kinatumia neno hilo kwa dunia inapojizungusha kwenye mhimili wake na pia inapolizunguka jua. Katika fizikia ya elektroni, mambo hayo mawili yana majina tofauti, na kiini cha taaluma inayojadiliwa hapa ni namna moja linavyoliathiri jingine. Mwanafunzi atakayesoma kuhusu "uambatano wa mzunguko na mzunguko" hatakuwa na la kushika. Pili, sifa ya uzi wa DNA iliyoleta matokeo hayo, ile ya kujisokota upande mmoja na si mwingine, ina jina la Kigiriki katika lugha za Ulaya, na jina hilohilo hutumika kwa sifa nyingine tofauti ya mrija wenyewe.

Haja ya kulitatua tatizo hili imeongezeka. Tangu Umoja wa Afrika ulipokifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, vyombo vya lugha katika nchi za ukanda huu vinatarajiwa kutoa istilahi kwa kasi isiyowahi kushuhudiwa. Orodha hupelekwa kwa mamia ya maneno, kila neno likiwa na mstari mmoja wa fasili. Istilahi zinazojadiliwa hapa zinaonyesha kinachopotea neno linapotengwa na historia yake.

2.0 Fuwele za Pasteur na Neno la Kelvin

Mwaka 1848 Louis Pasteur, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alikuwa Paris akizichunguza fuwele za chumvi itokanayo na asidi ya zabibu. Alibaini kwamba fuwele hizo zilikuwa za aina mbili, na kila aina ilifanana na nyingine kama kitu na taswira yake katika kioo. Alizitenganisha kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kisha akaziyeyusha mafungu mawili na kupitisha humo mwanga unaotetemeka katika bapa moja. Fungu moja liligeuza bapa hilo kuume, jingine likaligeuza kushoto. Jean-Baptiste Biot, mzee aliyekuwa ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika utafiti wa mwanga wa namna hiyo, hakuridhika mpaka jaribio liliporudiwa mbele ya macho yake.

Pasteur hakulitumia neno linalotumika leo. Yeye alizungumzia ukosefu wa ulinganifu, na aliamini kwamba ukosefu huo ulikuwa alama ya uhai wenyewe. Imani hiyo ilimpeleka mbali. Kwa kuwa Michael Faraday alikuwa amegundua mwaka 1845 kwamba sumaku nayo inaweza kuligeuza bapa la mwanga ndani ya kioo, Pasteur alidhani kwamba mambo hayo mawili yana asili moja. Akajaribu kukuza fuwele karibu na sumaku zenye nguvu, akitarajia zitoke za upande mmoja. Hazikutoka.

Aliyeonyesha kwamba migeuko hiyo miwili si ya jamii moja ni Lord Kelvin. Mwanga ukipita katika maji ya sukari kisha ukarudishwa na kioo kwa njia ileile, mgeuko wake hufutika. Ukipita katika kioo kilicho ndani ya ugasumaku na kurudishwa, mgeuko huongezeka maradufu. Cha kwanza kina upande wake wa asili. Cha pili kinategemea mwanga unaelekea wapi. Ili kukitaja cha kwanza bila kukichanganya na cha pili, Kelvin alihitaji neno, na katika mhadhara alioutoa Oxford mwaka 1893 akalichukua kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mkono. Kwa fasili yake, umbo lina sifa hiyo endapo taswira yake katika kioo bapa haiwezi kulaliana nalo sawasawa. Neno hilo lilizaliwa, basi, kama chombo cha kutenganisha, na huo ni msingi utakaohitajika baadaye katika makala haya. Lililala kwa miongo kadhaa. Wanakemia walilitia katika matumizi ya kawaida katika miaka ya 1960, hasa baada ya makala ya Cahn, Ingold na Prelog ya mwaka 1966 kuhusu namna ya kuutaja umkono wa molekuli.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji Kigiriki ili kuifikia dhana hii. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Jina lake limetokana na kazi, si na mahali ulipo mwilini. Kamusi za zamani zina pia mkono wa kuume na, kwa ule wa kushoto, mkono wa kike. Lugha iliyoipa mikono miwili inayofanana majina ya namna hii tayari imetambua kwamba kufanana hakumaanishi kubadilishana. Mtu anayesokota kamba ya usumba naye anajua kwamba kamba iliyosokotwa upande mmoja haiwi ya upande mwingine kwa kugeuzwa kichwa chini. Neno "umkono", linaloundwa kwa kiambishi u- cha dhahania, ni la kawaida kwa muundo na halihitaji kuombewa radhi.

3.0 Spini: Jina Lililoiacha Picha Yake

Historia ya spini ni kinyume cha hiyo. Hapa picha ilitangulia, na picha ilikuwa na kosa.

Mwaka 1922 mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha boriti ya atomu za fedha katika ugasumaku usio sawa kila mahali. Boriti ikagawanyika mara mbili. Vitabu vingi vya kiada hulitaja jaribio hilo kuwa ndilo lililogundua spini, jambo ambalo si sahihi kihistoria. Mwaka 1922 hapakuwa na dhana ya spini. Stern na Gerlach waliamini kwamba wamethibitisha nadharia ya wakati huo kuhusu mielekeo ya obiti za elektroni, na wenzao wakawapongeza kwa hilo. Tafsiri inayofundishwa leo ilikuja baada ya dhana yenyewe kupatikana kwingine.

Ilipatikana mwaka 1925. Mwanzoni mwa mwaka huo Ralph Kronig, kijana mwenye asili ya Ujerumani na Marekani, alimweleza Wolfgang Pauli wazo la elektroni inayojizungusha. Pauli alilikataa kwa maneno makali, na Kronig hakulichapisha. Miezi michache baadaye, mjini Leiden, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit walifikia wazo hilohilo bila kujua ya Kronig. Waliandika maelezo mafupi na kumkabidhi mwalimu wao, Paul Ehrenfest. Kisha Uhlenbeck akamwendea mzee Hendrik Lorentz, ambaye hesabu zake zilionyesha jambo la kutisha: ikiwa elektroni ni tufe dogo linalojizungusha kama pia kwa kiasi kilichohitajika, uso wake ungekwenda kwa kasi inayozidi sana ile ya mwanga. Uhlenbeck alirudi kwa Ehrenfest kuomba maelezo yao yasichapishwe. Ehrenfest alikuwa ameshayatuma, na aliwafariji kwamba umri wao bado unawaruhusu kufanya upumbavu.

Lorentz alikuwa sahihi kuhusu tufe, na vijana wale walikuwa sahihi kuhusu elektroni. Mwaka 1926 Llewellyn Thomas aliondoa tofauti ya mara mbili iliyokuwa ikizisumbua hesabu zao; mwaka 1928 Paul Dirac akaonyesha kwamba sifa hiyo hujitokeza yenyewe katika mlinganyo wake bila kitu chochote kuzunguka. Hakuna kipimo kilichowahi kuonyesha kwamba elektroni ina uso wa kuzungushwa. Hata hivyo itakuwa kutia chumvi kusema kwamba spini haihusiani kabisa na mzunguko. Mwaka 1915 Albert Einstein na Wander de Haas walikuwa wamening'iniza fimbo ya chuma, wakaugeuza usumaku wake, na fimbo ikazunguka. Usumaku wa chuma hutokana kwa sehemu kubwa na spini za elektroni. Kwa hiyo spini ina kitu kinachoweza kukizungusha chuma, ingawa yenyewe si pia.

Pia ikatoweka, jina likabaki. Katika Kiingereza jina hilo lilikuwa neno la kawaida la mtaani, kwa hiyo kila mwanafunzi anayejifunza kwa lugha hiyo huanza kwa kudanganywa na kisha kurekebishwa. Wajerumani, Wafaransa na Warusi walilikopa kama lilivyo. Kielelezo chenye uzito zaidi ni cha Wajapani. Hao waliwahi kuunda kwa mizizi yao neno la kuitaja elektroni, hivyo hawakukosa uwezo wala desturi ya kutafsiri; kwa spini walikopa sauti tu. Neno lililokopwa halina picha ya awali akilini mwa msomaji, na kwa dhana iliyokwisha kuitupa picha yake, hilo ni faida.

4.0 Kaboni Iliyokunjwa kama Mkeka

Mwaka 1991 Sumio Iijima wa kampuni ya NEC mjini Tsukuba, Japani, alichapisha picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha mirija myembamba mno ya kaboni. Hakuwa wa kwanza kuiona mirija ya jamii hiyo. Radushkevich na Lukyanovich walikuwa wamechapisha picha za mirija ya kaboni mwaka 1952, kwa Kirusi, katika jarida la Kisovieti, na wasomi wa Magharibi hawakuzijua kwa miongo mingi. Wapangaji wa sera za lugha wanafaa kulitazama tukio hilo kwa makini: uvumbuzi ulioandikwa kwa lugha yenye mamilioni ya wasemaji na istilahi kamili ulipotea kwa sababu upande wa pili haukuwa na mazoea ya kuusoma. Istilahi pekee hazitoshi.

Alichokiona Iijima, na ambacho wengine hawakukitaja, ni kwamba kaboni katika mirija hiyo ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa hesi. Maelezo yake ni rahisi kwa anayejua mkeka. Tandaza mkeka ambao nakshi yake ni ya pembesita kama sega la nyuki. Ukiukunja moja kwa moja kutoka ukingoni, mistari ya nakshi itaufuata urefu wa mrija au itaufunga kama pete. Ukiukunja mshazari, mistari itapanda kwa kuzunguka, kama ngazi ya mnara. Kaboni ina tabaka la namna hiyo, unene wake ukiwa atomu moja, na mrija wa ukuta mmoja, uliopatikana mwaka 1993, unaweza kuwa na kipenyo cha takriban nanomita 1.

Mwaka 1992 makundi ya wananadharia, miongoni mwao Hamada na wenzake huko Japani na kundi la Saito, Fujita na Dresselhaus, walitabiri kwamba namna ya kukunja ndiyo inayoamua tabia ya umeme. Kila mkunjo hutajwa kwa namba mbili kamili. Tofauti ya namba hizo ikigawanyika kwa 3 bila baki, mrija hupitisha umeme kama metali au karibu na metali. Isipogawanyika, mrija ni nusukipitishi. Kaboni ileile, bila kuongezwa chochote. Mwaka 1998 makundi ya Delft na Harvard yalithibitisha utabiri huo kwa hadubini zinazoweza kuona atomu mojamoja.

Hapa ndipo neno la Kelvin lilipopotoshwa. Watafiti wa mirija waliziita zile namba mbili kwa jina la umkono, hata pale zinapotaja mrija uliokunjwa moja kwa moja, ambao taswira yake katika kioo hulaliana nao kikamilifu. Kwa fasili ya mwaka 1893, mrija huo hauna umkono wowote. Kwa upande mwingine, mrija uliokunjwa mshazari wenye namba 6 na 5 unaweza kuwa wa kulia au wa kushoto, na namba zenyewe, zinavyotumika kwa kawaida, hazisemi ni upi. Neno lililoundwa ili kutenganisha sasa linachanganya.

5.0 Zilipokutana

Kaboni ilipendwa na watafiti wa spini kwa sababu ya upole wake. Kiini cha kaboni kina chaji ndogo, hivyo mwendo wa elektroni katika obiti hauisumbui sana spini yake; na takriban asilimia 99 ya kaboni ya asili ina viini visivyo na spini. Mwaka 1999 Tsukagoshi, Alphenaar na Ago waliweka mirija ya kaboni kati ya ncha za kobalti, wakaonyesha kwamba elektroni ziliweza kusafiri humo bila kupoteza mwelekeo wa spini zao. Mrija ulionekana kuwa barabara tulivu.

Utulivu huo ulikuwa nusu ya ukweli. Mwaka 2000 Tsuneya Ando alionyesha kinadharia kwamba tabaka la kaboni likikunjwa, mkunjo wenyewe huikaza ile nyuzi dhaifu kati ya spini na obiti. Mwaka 2008 Kuemmeth, Ilani, Ralph na McEuen katika Chuo Kikuu cha Cornell waliupima uambatano huo katika mrija safi wenye elektroni moja tu, wakapata tofauti ya nishati ya takriban milielektronivolti 0.37. Ni kiasi kidogo, kwani joto la chumba cha kawaida ni takriban milielektronivolti 25. Lakini kilitosha kuvunja dhana kwamba spini na obiti ndani ya mrija hazijuani.

Wakati huohuo, historia nyingine ilikuwa ikiendelea miongoni mwa wanakemia. Mwaka 1999 Ray, Ananthavel, Waldeck na Naaman walitoa ushahidi kwamba elektroni zinazopita katika utando wa molekuli zenye umkono hutawanywa kwa namna inayotegemea spini zao. Wengi hawakusadiki, kwa kuwa molekuli hizo zimejengwa kwa kaboni, hidrojeni, naitrojeni na oksijeni, elementi nyepesi ambazo uambatano wake wa spini na obiti ni hafifu. Mwaka 2011 Göhler na wenzake walipima utando wa DNA juu ya dhahabu na kupata upambanuzi wa spini unaozidi asilimia 60 katika joto la chumba. Mashaka hayakwisha, ila yalihama kutoka swali la kama jambo lipo hadi swali la kwa nini ni kubwa kiasi hicho. Nadharia kadhaa zimependekezwa. Hakuna iliyokubaliwa na wote.

Jaribio la Alberta lilizikutanisha historia hizo mbili. Mrija ulitoa njia ya elektroni, na uzi wa DNA ukatoa umkono. Ajabu ni kwamba ripoti yoyote ya jaribio la namna hiyo hulazimika kutumia neno la Kelvin kwa maana zote mbili: kwa mkunjo wa mrija unaoamua kama ni nusukipitishi, na kwa msokoto wa uzi unaochuja spini. Msomaji asiyeonywa hawezi kujua ni umkono upi uliofanya kazi.

Hata ndoto ya Pasteur ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2018 Banerjee-Ghosh na wenzake waliripoti kwamba molekuli za mikono miwili hujishikiza kwa kasi tofauti juu ya uso wenye usumaku ulioelekezwa juu au chini, kiasi kwamba zinaweza kutenganishwa. Hilo halimhalalishi Pasteur. Pingamizi la Kelvin linasimama: ugasumaku peke yake hauna umkono. Kinachofanya kazi ni spini za elektroni zilizo usoni, kitu ambacho Pasteur hakuwa na neno lake.

6.0 Athari kwa Uundaji wa Istilahi

Vigezo vya PEGITOSCA, vinavyojulikana sana miongoni mwa wanaistilahi wa Kiswahili, vinadai pamoja na mengine kwamba istilahi iwe sahihi na iwe angavu. Kwa kawaida sifa hizo husaidiana. Katika spini zinapingana: istilahi angavu, iwe "mzunguko" au "upia", inaangaza picha ya mwaka 1925 ambayo Lorentz aliivunja kwa kalamu. Spini likopwe, kama yalivyokopwa elektroni na atomu, na obiti ibaki kuwa jina la njia inayozunguka kiini. Hapo "uambatano wa spini na obiti" unasomeka bila utata.

Kwa umkono hali ni tofauti. Picha ya mkono haijawahi kukanushwa. Ndiyo fasili yenyewe. Kulikopa neno la Kigiriki kupitia Kiingereza kungekuwa kuuacha mkono nyumbani na kwenda kuazima wa jirani. Lakini umkono utumike kwa maana ya mwaka 1893 tu. Zile namba mbili za mrija ziitwe fahirisi za mkunjo, na mirija iitwe ya mkunjo mnyoofu au ya mkunjo mshazari. Kwa kufanya hivyo, Kiswahili kitaweka tofauti ambayo Kiingereza cha maabara kimeiacha ipotee, na mwanafunzi wa Dodoma, Kampala au Bujumbura ataweza kusema kwamba mrija wenye fahirisi za mkunjo 6 na 5 una umkono wa kushoto bila kulitumia neno moja kwa kazi mbili.

Jambo linalobaki gumu ni jina la tukio lenyewe. Lugha za Ulaya zimeliita aina ya uteuzi wa spini, na neno hilo linadokeza kwamba molekuli huteua elektroni za kupita. "Uchujaji" nao unadokeza kwamba zisizofaa huzuiwa. Baadhi ya nadharia zinazoshindana zinasema elektroni huteuliwa, nyingine kwamba spini zao hugeuzwa njiani, nyingine kwamba athari huanzia pale molekuli inapogusana na metali. Kulisanifu mojawapo ya majina hayo sasa ni kuunga mkono upande mmoja wa mabishano ambayo hayajaamuliwa. Makala haya yametumia "kichujio" kwa kifaa cha Alberta, kwa kuwa kifaa hujulikana kwa kazi yake. Kwa tukio lenyewe, "athari ya umkono juu ya spini" ni refu na halivutii, lakini halisemi zaidi ya yale yaliyopimwa.